Shahidi wa Pili

Des Tuckwell, fundi bomba mstaafu wa mji wa Wangaratta, Australia, alikuwa bingwa wa wasia. Serikali ikigusa tu kodi au kanuni za akiba ya uzeeni, yeye huyoo kwa wakili kurekebisha. Wenzake walimtania, "Des, unakufa lini tujipange?"

Lakini mjuzi naye hukosea. Jumapili moja, kesho yake akiwa wa kupasuliwa moyo, mkewe Noreen alikuta drooni barua ya mfuko wa akiba ya uzeeni. Fomu ya kumtaja mrithi hudumu miaka mitatu tu, na ya Des ilikuwa imekwisha muda.

"Wakili si alikwambia akiba haifuati wasia?"

"Aliniambia. Tarehe ndiyo iliyonitoka."

"Des! Ukinifia kesho, watu wa mfuko ndio wataamua kati yangu na Craig!"

Craig alikuwa mtoto wa Des kwa mke wa kwanza, mtu mzima, na hakuwahi hata kumpa Noreen salamu. Maskini Des, akachomoa fomu mpya iliyoambatanishwa na barua.

Fomu mpya ilitaka mashahidi wawili wasiotajwa ndani yake, wamwone akitia saini. Marge, rafiki wa Noreen aliyeleta keki, akawa mmoja. Mtaa mzima ulikuwa kwenye fainali ya mpira. Alibaki Lindsay Crouch, jirani wa ubavuni, ambaye hawakusemezana naye miaka kumi na mmoja kisa mkaratusi wake ambao Des aliukata. Mti, jamani!

Des akameza kiburi, akaenda kubisha hodi kwake, Marge nyuma.

"Umekuja kukata na mlango?" Lindsay akauliza.

"Kesho napasuliwa, bwana. Noreen atabaki bila kitu. Nakuomba uwe shahidi wa fomu hii."

Lindsay akawavutia viti jikoni. Des akasaini, kisha Marge, kisha Lindsay, polepole, tarehe akiihakiki mara mbili. Alipomaliza akabandua karatasi kwenye mlango wa friji.

"Fomu yangu hii. Ilishakwisha muda, na bado ina jina la Shirl."

Shirl, mkewe, alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Des hakwenda hata kumpa Lindsay mkono wa pole.

"Kila mwaka nasema nitabadilisha," Lindsay akasema. "Nimwandike nani, Des?"

Des akaikunja fomu yake taratibu.

"Basi rudi mzima," Lindsay akasema, akimrudishia kalamu. "Siku nikimpata wa kumwandika, nami nitataka shahidi."