Kaseti ya Waingereza Pale Hombo

Furushi la mitumba likikatwa kamba, harufu yake hunirudisha Hombo hata nikiwa katikati ya soko la Goma. Ni harufu ya dawa ya nondo, ya vumbi la nchi za watu, ya unyevu uliofungiwa siku nyingi. Wenzangu huinamia nguo. Mimi, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, naanza kupapasa mifuko ya makoti. Niwaambie sababu, ila msinicheke.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Vita vilikuwa vimetutoa kijijini kwetu Kingi, mimi, Mama na dada yangu Bahati, na baada ya majuma ya kutembea tukafika Hombo. Huko mfanyabiashara mmoja wa Butembo alitupa chumba nyuma ya duka lake. Tulimwita Papa Kasereka. Alikuwa mrefu, mpole, rozari haimtoki mfukoni. Mke wake na watoto wanne walikuwa wamebaki Butembo, na barabara zilikuwa zimefungwa. Mama alimpikia na kumchambulia maharage; sisi tulifagia na kupanga sabuni.

Siku moja lori la Bukavu lilishusha furushi. Bahati akavaa koti la mvua lililomfika visiginoni, akatia mkono mfukoni, akatoa kaseti. Kwenye karatasi yake vijana wanne weupe walisimama mbele ya ukuta wa matofali, nywele zimewaingia machoni, hakuna hata mmoja aliyetabasamu. Papa Kasereka akasogeza miwani, akasoma maandishi madogo.

"Hawa beko Baingereza," akasema. "Tusikie."

Rediokaseti ya duka ilikuwa imetafuna kaseti yetu pekee, ile ya kwaya, na Papa Kasereka aliamini kwamba duka lisilo na muziki watu hudhani limefungwa. Basi tukakaa tukingoja kwa hamu. Lo! Magitaa yalikwaruza kama mabati yanayoburutwa, ngoma zikakimbia kana kwamba zinafukuzwa, na kijana mmoja akaimbia puani kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.

"Hawa batoto banaimba ao banagombana?" Mama akauliza.

"Papa, zima iyo kitu!" Bahati akasema, vidole masikioni.

"Hatuna ingine," akajibu Papa Kasereka. "Njo iyi."

Ikawa hiyo hiyo, kila alasiri. Asubuhi tulianika mawe ya redio, yaani betri, juani ili yapate nguvu tena. Mchana kaseti ikapigwa upande wa kwanza mpaka mwisho, ikageuzwa, ikapigwa upande wa pili. Kuruka wimbo haikuwezekana, maana kitufe cha kukimbiza kilikuwa kimekufa.

Siku ya nne au ya tano nilikuwa nikipanda kutoka mtoni na bidoni ya maji kichwani, nikagundua kwamba miguu yangu inafuata ngoma ya wimbo wa pili. Nikasimama. Niliona aibu kama mtu aliyekamatwa akidokoa nyama jikoni. Nikaanza tena kutembea, na ngoma nayo ikaanza tena.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kwa kuwa hatukujua Kiingereza, nyimbo tulizipa majina yetu: Bukali Inaungua (bukali ni ugali), Mbuzi Amepotea, Yule Anayelia. Mmoja wa upande wa pili, uliokuwa bora kuliko zote, tuliuita Wimbo wa Mvua. Gitaa lilianza tone moja moja, kama mvua inayojaribu bati. Kisha kila kitu kilinyamaza, ngoma ikabaki peke yake, na tulijua kwamba baada ya mapigo manane wote wataingia kwa pamoja. Mimi na Bahati tulishikana mikono tukihesabu. Wakiingia tuliruka na kupiga kelele, tukaimba Kiingereza cha uongo ambacho tulikuwa tumekubaliana kila neno lake. Hata Mama! Siku moja nilimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo, mchi unashuka pale pale ngoma inapopiga. Alipoona namtazama akasema, "Eh, ni mukono yenyewe."

Ndipo alipofika padri mmoja kwa pikipiki. Angelala, kesho aendelee Bukavu, na huko angepata ndege ndogo ya Butembo. Papa Kasereka akaona nafasi ya kumtumia mkewe barua ya sauti, kama watu walivyofanya siku zile. Nilimkuta kwenye kaunta akiziba kwa karatasi vitundu vya juu ya kaseti ili iweze kurekodi. Nikaelewa. Nyimbo zetu zingefutwa.

"Papa, tafazali! Usifute ile ya mvua!"

"Furaha!" Mama akanikemea kwa jina langu.

Papa Kasereka akanitazama. "Mutoto, bibi yangu hayasikia sauti yangu mwaka muzima."

Niliinama kwa aibu, lakini ulimi haukutulia. Nikamwambia kwamba mwisho wa upande wa kwanza, wimbo ukiisha, kuna kimya kirefu; mimi huweza kukimbia mpaka mtoni na kurudi kabla utepe haujaisha na kitufe kuruka. Akafikiri.

"Sawa," akasema. "Nitasemea pale."

Alasiri ile tulipiga kaseti yote kwa mara ya mwisho, sauti juu kabisa. Wanawake waliokuwa wakitoka shambani walitua mizigo, na ngoma ilipobaki peke yake tulihesabu barabara nzima, hadi nane, tukaruka wote! Kisha akatutoa nje, akajifungia na redio. Nilichungulia dirishani. Alisema taratibu, halafu haraka, halafu kitufe kikaruka. Akaitoa kaseti, akaigeuza, akaishika hivyo kwa muda. Alipoinua macho akaniona. Akaitia ndani ya bahasha. Nilidhani amemaliza.

Miezi ilipita. Barabara ilipofunguka, lori lilisimama mbele ya duka, akashuka mwanamke mnene na watoto wanne, wakiimba. Wimbo wa Mvua! Walikuwa na Kiingereza chao cha uongo, tofauti na chetu, lakini ngoma walijua mahali pa kuingojea. Nilipiga ukelele, nikakimbia kuwaitikia. Papa Kasereka aliwapita wakubwa wote, akamnyanyua mdogo, Eliya, akaanza kuita jina lake mbele za watu, mara nyingi sana, mpaka mtoto akacheka. Nikaona ni furaha tu.

Nilikuwa nimeshaolewa Mama Kasereka aliponieleza. "Kila nikitaka sauti yake nilipitisha kwanza wale Baingereza," alisema. "Mwanzo nilibachukia. Kisha nikaanza kubangojea." Akaniambia pia kwamba ile barua ilikatika mumewe akiwasalimia watoto. Alimtaja wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha ka! Eliya alikuwa na miaka minne. Aliomba kaseti ipigwe tena na tena, akingoja zamu yake.

Upande wa pili, ule wa Wimbo wa Mvua, ulikuwepo, na jina moja lingeingia hapo. Papa Kasereka alikuwa ameushika mkononi, mimi namtazama dirishani.