Folda Moja ya Harusi

Temeke nzima nilishaitangazia kwamba kompyuta ya studio naijua mie kuliko bosi. Basi Shangazi Mwajuma akaniletea picha za siku walipomfunda bibi harusi, wanawake peke yao, mlango umefungwa. "Nakupa wewe kwa kuwa mwanamke mwenzetu." Nikazipiga skani, na kwa uvivu wangu nikazitia folda moja na za ndoa.

Jumamosi akaja mumewe Shangazi na baba wa bwana harusi, wachague picha ya kutundika sebuleni.

"Shikamooni wazee. Kaeni muone maajabu!"

Badala ya kufungua mojamoja, nikaiamuru programu ipakie folda nzima. Ya kwanza ikaanza kujichora polepole, toka juu kwenda chini: kilemba, mgongo, kisha kiuno kilichobinuka, kimekazwa kanga. Nikabonyeza kila kitufe, mashine haikunisikia. Angalau huyu mchezaji kaipa kamera mgongo, hatajulikana ni nani, nikajifariji kama mjinga.

Baba wa bwana harusi akageukia ukutani. Mumewe Shangazi akavaa miwani, akasogea.

"Kanga hiyo," akasema, "nilimnunulia mimi."