Mwezi Mzuri wa Kuyaona Maporomoko

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, aliujua mto ambao hakuwahi kuukanyaga. Kazi yake ni kupanga safari za watalii. Ofisi yao iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, na ina feni inayolalamika kutwa nzima na ramani ya ukutani iliyochubuka pale watu wanapopenda kuweka vidole. Aliingia pale kama mfagizi. Alisikiliza wageni wakirudi na kusimulia, akawahoji madereva wakiosha magari, mpaka siku moja bosi akamkuta anamweleza mteja kwenye simu wapi viboko wanaota jua. Ufagio ukapata mtu mwingine.

Usidhani namsifia kwa sababu ni wifi. Mimi na yeye tumegombana sana, na mdomo wangu hauna breki. Lakini kazi yake aliijua, na kazi hiyo ilikuwa neno moja: mwezi. Mto ukifurika, alisema, maporomoko yananguruma mpaka kifua kinatetemeka, lakini mvuke unafunika kila kitu. Mteja anarudi amelowa chapachapa na picha zake zote nyeupe. Mto ukikauka, unabaki ukuta wa mawe. Katikati hapo ndipo penye mwezi mzuri: maji yanaonekana yakianguka, wanyama wanashuka mtoni kunywa, na wanaopenda vishindo wanaruhusiwa kupita kwenye mawimbi kwa boti za mpira. Kuna maharusi walifika ofisini na mabegi yao wakitaka kwenda wiki hiyohiyo. Akawaambia warudi nyumbani, waje mto ukipungua. Bosi alishika kichwa. Maharusi wakarudi kweli, na tangu hapo ofisi nzima ikamwita Madamu Msimu.

Kaka yangu ni fundi wa mahema. Alikuwa, niseme. Cherehani yake nzito ilikaa sebuleni kwao, maana karakana ilivuja, na kila jioni wewe unayekuja kusalimia unaruka turubai kama mtoto anayeruka kamba. Mahema ya kambi nyingi kule mtoni yalitoka mikononi mwake. Yeye akishona, mkewe akijibu simu za wateja, na mazungumzo yalikuwa yaleyale: "Simameni kwenye kizuizi cha ukingoni saa nne asubuhi, jua likiwa mgongoni. Upinde wa mvua mtauona unaanzia chini kwenye mawe, unapanda mpaka ng'ambo." Kaka alishayakariri. Alikuwa akibana pua na kumwigiza, "Jua likiwa mgongoni, mpendwa mteja!" na wifi anamrushia kipande cha turubai. Walipendana, wale watu. Wengine tukikaa nao tulijisikia tumezidi.

Halafu kaka akashona zipu kichwa chini miguu juu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Wiki nyingine akajigonga kwenye meza ambayo imekaa palepale tangu waoane. Hapo hakucheka mtu.

Presha ya macho, daktari alisema. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti kigumu karibu na mlango. "Kilichokwenda hakirudi," alisema. "Tutajaribu kulinda kilichobaki kwa matone. Lakini mzee, kama kuna kitu unatamani kukiona, usikiweke kiporo."

Njiani kaka akasema anachokitaka. "Nimeshona mahema miaka yote hii, sijaona hata moja limesimama mahali pake. Na hayo maporomoko ya mke wangu. Nikishayaona hayo, basi."

Bosi, ambaye kwa kawaida mkono wake ni mfupi, safari hii aliona haya. Akampa wifi nafasi mbili bure kwenye gari la kampuni. "Chagua mwezi wowote," akamwambia.

Na hapo ndipo wifi yangu aliponiudhi kuliko siku zote za maisha yangu. Mto ulikuwa umefurika. Akasema tungoje.

"Tungoje nini?" nilimuuliza jikoni kwake. "Wifi, macho hayana msimu! Mpeleke sasa!"

"Akienda sasa ataona ukungu mweupe," alinijibu. "Macho yake yaliyobaki, wifi, niyapeleke yakatazame ukungu? Mteja nisiyemjua namtafutia mwezi mzuri, mume wangu nimpe mwezi mbaya?"

Nikapandisha sauti, kama kawaida yangu. Kaka akaita kutoka sebuleni: "Mwache, dada. Yeye ndiye anayeujua mto."

Basi tukangoja. Wifi alipiga simu kila asubuhi kuwauliza madereva maji yamefika wapi, akaipanga safari ile kwa makini kuliko zote alizowahi kupanga: hema lipi, kiti cha upande gani wa gari, boti ya saa ngapi. Kaka alimwachia raha yake. Matone aliweka bila kukosa.

Siku moja nilimkuta peke yake anajimiminia chai. Alikuwa ameingiza kidole ndani ya kikombe ili ajue chai imefika wapi. Chai ya moto! Nikamsogelea. Nikapitisha mkono mbele ya uso wake, na uso wake haukujua.

"Ni wewe, dada," alisema. "Nakusikia unavyohema."

"Tangu lini?"

"Kuna mwanga kidogo upande wa dirisha. Basi." Akafuta kidole kwenye suruali. "Usimwambie."

"Kaka, nitamwambia leo hii hii!"

"Ukimwambia hatakwenda. Na asipokwenda, hatajisamehe mpaka anaingia kaburini. Alinitafutia kilicho bora kabisa, unaelewa? Mwache anipe. Na wewe, mara moja tu maishani mwako, funga mdomo."

Niliufunga. Nilijikaza kisabuni na kujilipia nafasi ya tatu, kisingizio kikiwa eti na mimi nataka kutalii. Ukweli ni kwamba kaka alihitaji mtu wa kumfinya mkono penye ngazi.

Mwezi mzuri ulikuwa mzuri kweli, siwezi kumnyima haki yake. Nyasi zilikuwa fupi, wanyama wamejaa mtoni kama watu kwenye bomba la maji. Dereva akisema, "Kushoto, tembo!" kaka anageuza shingo kushoto na kusema, "Aisee, wakubwa hawa!" Na wifi anatabasamu peke yake, uso umemng'aa. Mimi natazama nje ya dirisha. Ndani ya boti walipotuonyesha mamba, kaka aliuliza yuko upande gani kwa ujanja hivi, kama anayetania: "Asije akanila, niambieni nisogee wapi!" Watu wakacheka.

Kambini tu ndiko hakuigiza. Alipapasa ukuta wa hema, vidole vikafuata mshono mpaka kwenye pembe, vikasimama. "Huu ni wangu," alisema polepole. "Pembe hii huwa naikunja mara mbili." Akakaa kitandani ameshika turubai, amefurahi. Machozi yalimtoka wifi, akasema ni vumbi.

Asubuhi yake tukaenda kwenye maporomoko. Wifi alikuwa anatusukuma kama mwalimu na wanafunzi wake: haraka, saa nne isitupite. Tukasimama kwenye kizuizi, palepale anapowasimamisha wateja. Na yalikuwepo, jamani. Maji meupe yanaanguka kwa mikanda mirefu, kila mkanda unauona, mawe meusi katikati, mvuke kidogo tu kule chini. Hakuna alichokosea. Kilichoharibika ni kimoja tu, na hakikuwa mikononi mwake: wingu kubwa lilikuwa limekaa juu ya jua, halisogei. Hapakuwa na upinde. Wifi alilitazama lile wingu akasonya, akafungua mdomo ili amwombe mumewe radhi.

Kaka akawahi. "Mke wangu," alisema, akanyoosha kidole kuelekea kwenye ngurumo. "Ule pale! Upinde wa mvua! Unaanzia chini kwenye mawe, unapanda mpaka ng'ambo. Kama ulivyosema. Umefanya vizuri kutungojesha."

Wifi akatazama kidole kile. Akatazama wingu. Akanitazama mimi, na mimi nikainamisha macho, na nadhani hapo ndipo alipomaliza kuelewa yote, mpaka tembo na mamba.

"Umeuona?" alimuuliza.

"Nimeuona wote."

"Ndiyo, mume wangu," alisema. "Wote umetoka."

Kisha akasogea hatua mbili pembeni, akashika chuma cha kizuizi kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti, mdomo wazi, mwili mzima. Kelele za maji zilimsitiri. Kaka alisimama palepale akitabasamu kuelekea maporomoko, hakusikia kitu. Hasira niliyokuwa nayo juu ya mwanamke yule iliniishia palepale, na sijaitafuta tena.

Hawajawahi kuambiana. Kaka huwasimulia wageni ule upinde, na akisita kwenye rangi, mkewe anamtajia kutoka jikoni: nyekundu juu, mume wangu, zambarau chini. Cherehani wameiuza.

Na ofisini, mteja akimuuliza mwezi gani ni mzuri, haangalii tena ramani. Anauliza kwanza, "Unakwenda na nani?" Akishajibiwa, ndipo anataja mwezi. Juzi alikuja kijana anayetaka kumpeleka mama yake, na mto umefurika hasa, mvuke mtupu.

"Nendeni kesho," wifi alimwambia.