Gwaride la Chembe za Maji

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shuleni na kazi ya sayansi: achore chembe za barafu, za maji na za mvuke. Akajaza vinukta kwenye karatasi, kisha akaniuliza, "Mama, hivi vinukta vinakaa tu?" Nikacheka hadi chai ikanipalia. Ndugu yangu, mimi mwenyewe nimewahi kuwa kinukta.

Nilikulia katika kambi ya jeshi, Kasese, magharibi mwa Uganda, ambako watoto wa kila kabila tulielewana kwa Kiswahili cha kuungaunga. Asubuhi zilinukia moshi wa mkaa na uji wa mahindi. Mawingu yakipasuka, tuliona barafu nyeupe juu ya milima ya Rwenzori, nasi huku chini jua limeshaanza kutuchoma nyayo. Tuliulizana sana: mbona haishuki?

Mwalimu wetu wa sayansi alipoona maelezo hayaingii, alitutoa nje hadi kiwanja cha gwaride, akamwomba afande wa gwaride atuongoze.

"Barafu!" afande akafoka. Tukabanana bega kwa bega. Mwalimu akatuambia tutetemeke, kila mtu mahali pake. Afande akakataa.

"Mwalimu, mutu akisimama imara, anatetemeka ya nini?"

"Chembe hazitulii kabisa, afande. Hata ndani ya barafu zinatikisika. Zikipata joto, mwendo unaongezeka."

Afande akakuna kidevu. "Kumbe joto ndiyo inatoa oda?"

"Ndiyo hiyo."

"Sawa. Nyinyi, tetemeka!"

Kisha, "Maji!" Tukalegea, tukapenyana na kusuguana bila kuachana. "Mvuke!" Tukatimua mbio kila upande, tukipiga mayowe.

Rafiki yangu, mtoto wa jirani, hakukimbia. Baba yake alikuwa ameondoka na kikosi kwenda upande wa mpaka, Bwera, na kwa muda mrefu nyumba yao haikupata habari zake. Siku hiyo lori la kuwarudisha lilikuwa linatarajiwa.

"Wewe! Joto haijakufikia?"

"Afande, mama alisema nisitoke hapa. Baba akishuka anione."

Afande akaenda kusimama kando yake.

Lori liliingia wakati wa chakula, na sisi tukaacha posho, ule ugali wetu, na maharage vikingoja. Wanaume wakashuka mmoja mmoja, wake zao wakipokea mizigo. Wa mwisho alikuwa baba yake, mkono umefungwa bendeji. Rafiki yangu alimwona, lakini miguu ikakataa. Alitetemeka mwili mzima. Afande akainama, akamgusa bega.

"Mvuke, mtoto yangu," akasema polepole.

Akakimbia.

Jioni afande alikuja kwetu kunywa chai. Alifunika kikombe kwa kiganja, akageuza kiganja, akatazama matone. "Hizi chembe zimerudi kuwa maji. Zimechoka?"

"Zimepoa, afande," nikamjibu, nikijiona profesa.

Kabla ya mtihani wa mwisho, baba wa rafiki yangu alihamishiwa kaskazini pamoja na familia yake, na afande naye akapelekwa kwingine. Siku hizi kiwanja kile kina nyumba mpya za matofali, na ile barafu ya mlimani imepungua mno. Ningempata rafiki yangu, ningemuuliza alihisi nini miguu ilipomkatalia. Siku ile sikumuuliza. Tulikuwa na njaa, na posho ilikuwa imeanza kupoa.