Sentensi Ndefu za Dorotea

Dorotea Kaijage alipiga chapa barua za ushirika wa pamba jijini Mwanza kwa miaka kumi na tisa, na mwaka 1994 akapunguzwa kazini pamoja na wenzake wote wa chumba cha wapiga chapa. Elimu yake ilikuwa kidato cha nne. Kiingereza chake, hata hivyo, kilikuwa cha pekee. Alikuwa amekipata katika riwaya moja kuukuu ya Kiingereza aliyoachiwa na mtawa huko Bukoba, imechanika jalada na kurasa za mwanzo, hata jina la mwandishi hakulijua.

Aliisoma kila mapumziko ya mchana. Mwanzoni sentensi zile ndefu zilimchosha. Kisha siku moja akaangua kicheko, wenzake wakamgeukia. Alikuwa ameng'amua kwamba mwandishi yule hamtukani mtu kamwe. Humsifu, akazidi kumsifu, mpaka msomaji anauona upumbavu wa mtu huyo kwa macho yake. Akina mama wa kwao Kagera waliwasema mawifi zao hivyo hivyo.

Miaka ile shule za binafsi zilikuwa zikifunguliwa kila kona. Dorotea akaenda kuomba kazi katika moja iliyokuwa mtaa wa Buzuruga. Mwenye shule alikuwa Mzee Shimba, mfanyabiashara wa ng'ombe. Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Jovinary, kijana mwenye shahada. Mbele ya Shimba, Jovinary alimweleza kwa heshima kwamba bila cheti cha ualimu haiwezekani, na kwamba Kiingereza cha barua yake ya maombi kilishapitwa na wakati. Dorotea hakubisha. Aliomba kipindi kimoja tu, nao wawili wakae nyuma ya darasa wasikilize. Shimba akaafiki.

Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wamechoka na joto. Dorotea akaandika ubaoni kwa Kiswahili: "Bwana huyu alikuwa na akili nyingi, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe."

Darasa zima likacheka.

"Nani amemtukana?" akauliza.

Msichana aitwaye Mhoja akasimama. "Hakuna, mwalimu. Amesifiwa."

"Basi mnacheka nini?"

Hapo ndipo walipoanza kubishana, na katika kubishana wakaitafsiri sentensi ile kwa Kiingereza, wakipima neno lipi litangulie, koma ikae wapi, jambo lipi lifichwe hadi mwisho. Kengele ilipolia hakuna aliyeinuka. Mzee Shimba, aliyependa kuwaeleza wageni jinsi alivyojenga shule ile kwa akili zake, aliusoma tena ubao, akacheka kuliko wanafunzi.

"Huyu mama aanze Jumatatu," alisema.

Jovinary alimpa kidato kile kimoja tu, akimwonya kwamba mtihani unataka sentensi fupi. Dorotea akawafundisha na fupi pia, maana aliyeweza kuiongoza ndefu hakushindwa na fupi. Walipofika kidato cha nne wakafanya mtihani wa taifa, na matokeo yalipotoka, Kiingereza kilikuwa somo walilofaulu kuliko yote.

Siku ya wazazi, Jovinary alishika kipaza sauti akasema mbele ya watu wote kuwa alikosea, na kwamba yeye mwenyewe sasa humpelekea Mwalimu Dorotea barua zake azipitie kwanza. Akamwomba asimame wazazi wamwone.

Dorotea akasimama, akanyoosha mgongo, wala hakuinamisha uso hadi makofi yalipokwisha.