Chama cha miti kimenifanya nimsifu mchoma mkaa

Admin, jina langu libaki hukohuko kwako, maana mimi Kisarawe nzima najulikana. Nina miaka hamsini na mbili, mke mmoja, watoto watano, naishi kijiji kimoja huku Kurui. Shule niliishia la sita, lakini hata waliofika chuo wakitaka kuandika barua ya malalamiko wanakuja kwangu. Leo naandika kwa hasira mpaka simu inateleza mkononi.

Mimi ni katibu wa tawi wa chama kimoja kidogo cha mazingira, nembo yetu mche. Ni kidogo kweli, kikao cha tawi tunaenea mkeka mmoja, ila huku nilikiingiza mimi. Nikihutubia Maneromango hata wingu la mvua lilikuwa linasubiri nimalize, waulizeni watu. Zamani alikuwepo Mtaliano mmoja akifundisha kuotesha miche. Akatuambia hata kwao kipo chama kidogo cha mazingira, kila uchaguzi kinahama, leo kiko na hawa, kesho na wale, kama mpangaji anayefukuzwa kila nyumba. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia sisi huku hatuna tabia hiyo.

Sasa sikilizeni. Ukoo wa mke wangu una makaburi yao ndani ya kijisitu chenye mikongo, miti minene ambayo hata watu watatu hawaimalizi kuikumbatia. Kila mwaka kabla ya mfungo wanakwenda wote kufyeka makaburi na kusoma dua. Baba mkwe alipofariki, shemeji yangu mkubwa alinikabidhi panga la marehemu, akatangaza mbele ya watu kwamba mimi ndiye nitakayetangulia kufyeka, kwa kuwa mimi ndiye ninayeipigania miti yao. Mkwe kupewa panga lile, haijapata kutokea.

Na nililistahili. Mwaka jana mchoma mkaa mmoja mkubwa, mwenye malori yake, alileta watu wakaangusha mikongo miwili na kujenga tanuri hatua chache tu toka kaburi la baba mkwe. Niliwafukuza peke yangu kwa filimbi. Walikuwa kumi na wanane. Mke wangu husema walikuwa wanne, lakini yeye alikuwa mbali.

Uchaguzi uliopita chama chetu kiliungana na wale wa nembo ya taa. Wakubwa wetu wa mjini walituambia hao ndio marafiki wa msitu, nikapaka mpaka ukuta wangu rangi zao. Safari hii, bila kutuuliza, ujumbe ukaingia kwenye grupu: tumeachana na taa, sasa tuko na wale wa kengele, mpokeeni mgombea wetu wa udiwani Jumamosi. Mgombea mwenyewe nani? Yule yule wa tanuri.

Nikapiga simu mjini nikawaka. Mkubwa mmoja akanijibu taratibu kwamba siasa ni hesabu, nitulie, na kwamba sauti kama yangu ndiyo inayotakiwa kumkaribisha mgombea. Hapo ndipo nilipokwisha. Jumamosi ikafika, nikajiambia nitatoa salamu mbili tu, nikae. Mke wangu alikuwa mstari wa mbele na khanga yetu ya mche. Nikashika maiki, watu wakapiga makofi, na mimi makofi yakinipata huwa sishuki. Nikajisikia nasema, "Huyu ndiye baba wa miti ya Kisarawe."

Mke wangu alivua ile khanga begani, akaikunja vizuri kama anairudisha sandukuni, akaiacha kwenye kiti, akaondoka. Yuko kwa dada yake Kongowe, hii ya Kibaha. Nikimpigia anapokea, anauliza kama kuku wamekula, basi. Juzi tu ndiyo kaongeza, "Baba Zuhura," (jina nimebadilisha) "baba yangu amelala pale. Ungemwita yeyote baba, siyo yule."

Jana akaja shemeji. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikampa maji hakunywa. Akasema, "Shemeji, nimefuata panga. Mwaka huu tutafyeka wenyewe."

Niliingia ndani nikamtolea. Nilikuwa nimeshalinoa.

Wanafyeka Ijumaa hii. Na Jumamosi yule bwana ana mkutano tena, na wale wasaliti wa mjini, wanaobadilisha marafiki kama soksi, wamenitumia ujumbe nimkaribishe kama siku ile, eti nilifanya kazi nzuri. Kazi nzuri! Nimeuangusha ukoo mzima kwa sentensi moja.

Sasa nyie mnaonisoma, niambieni nianzie wapi. Niende makaburini Ijumaa mikono mitupu, niyang'oe majani kwa vidole hata wakinifukuza? Au nisubiri Jumamosi, nishike maiki ile ile niseme huyu bwana ni nani na alifanya nini, ndipo nimfuate mke wangu? Msinitukane sana, nimeshajitukana. Ila kuna kitu kimoja sijamwambia mtu, nacho ndicho kinaninyima raha. Naogopa nikisimama pale watanipigia makofi tena.