Neno la Thelathini na Nane

Jumamosi iliyopita nilikutana na mtu nisiyemjua, amevaa fulana iliyoandikwa tusi la baba yangu.

Aliivaa kwa fahari. Aliponitambua akajipiga kifuani, pale penye maandishi, akasema, "Mwalimu, msalimie sana mzee wetu!"

Nikamwambia zimefika.

Haya ninayoyaandika yalinitokea, na nimeyapanga kama yalivyotokea. Sijatia chumvi. Sehemu yangu katika makosa ni kubwa, na mtaiona wenyewe.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, huu mwaka wa ishirini na mbili. Asubuhi nafundisha sekondari. Mchana nina wanafunzi watu wazima, katika chumba kilicho juu ya duka la miwani.

Baba yangu alikuwa mwanamuziki mkubwa. Hiyo si sifa ya binti kwa baba yake. Watu wa rika lake wakiisikia sauti yake redioni, mpaka leo huacha wanachofanya.

Aliacha kuimba ghafla, miaka kumi na tisa iliyopita, mwaka aliofariki mama. Sababu tuliijua sote.

Au tulidhani tunaijua.

Mwaka jana binamu yangu, mtoto wa shangazi, alilipuka. Wimbo mmoja tu, na kila simu mtaani ikawa inaita kwa sauti yake. Anajiita Filimbi, kwa jinsi alivyo mwembamba. Baba ndiye aliyemfundisha hata namna ya kushika maikrofoni.

Filimbi akamwomba Baba apande jukwaani kwenye tamasha lake, waimbe wimbo mmoja pamoja. Baba akakataa mara tatu. Ya nne akanyamaza, na wiki hiyo nikamsikia bafuni anapasha sauti. Halafu akapeleka suti yake kwa fundi ikapunguzwe kiuno.

Mimi nilitaka jambo moja tu mwaka huu: baba yangu aimbe tena.

Kabla ya tamasha, redio moja inayotangaza kwa Kiingereza ikawaita wote wawili kwa mahojiano. Filimbi akapanda ngazi zangu mbio mbio.

"Dada Mwalimu, niokoe. Nataka Kiingereza cha mastaa. Kile cha kuulizana hali ninacho."

Nikamwandikia kwenye daftari maneno arobaini ya umaarufu, nikaacha nafasi ya maana mbele ya kila neno. Tukaanza.

"'Household name.' Jina linalojulikana kila nyumba."

"Mimi nyumbani wananiita Kamasi."

"Hilo lisitoke humu ndani. 'In the public eye.' Kuwa machoni pa watu."

"Mbona hilo jicho ni moja?"

"Filimbi, andika."

Neno la thelathini na nane lilikuwa "has-been". Ni neno la dharau. Ni mtu aliyewahi kuwa na jina, jina likaisha, yeye akabaki yupo yupo tu.

Tulipolifikia, simu yake ikaita. Meneja wake anamtaka, sasa hivi. Nikamwambia maneno matatu ya mwisho akayatafutie maana nyumbani, nitasahihisha.

Hilo moja hakulitafuta. Alilikumbuka.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemfundisha nyakati za vitenzi, na ubaoni niliandika kwa mkono wangu kwamba "has been" ni "amekuwa". Basi akajaza: *amekuwa, yaani mtu aliyefika.* Kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili, hiyo ni hesabu safi kabisa.

Kesho yake akaniletea daftari. Mezani nilikuwa na rundo la mitihani. Nikasoma maneno matano ya juu, yote sawa. Nikapiga tiki moja nyekundu, ndefu, ukurasa mzima.

Siku ya mahojiano nilikaa nje ya kioo cha studio, nimevaa vipokea sauti. Filimbi aliendelea vizuri kuliko nilivyotarajia. Kisha mtangazaji akamgeukia Baba, akamuuliza Filimbi huyu mzee ni nani kwake.

Filimbi akaweka mkono kifuani. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"He is a has-been," akasema. "The greatest has-been. I pray one day I will be a has-been like him."

Alikuwa anasema: huyu amefika, naomba na mimi nifike kama yeye. Kilichosikika ni: huyu amekwisha, naomba na mimi niishe kama yeye.

Mtangazaji alicheka hadi akasukuma kiti nyuma. Mimi nilisimama. Nikapiga kioo kwa kiganja. Kile kioo kimetengenezwa kusudi kisipitishe sauti.

Baba akatabasamu, lile tabasamu lake la wageni.

Kwenye korido akanivuta pembeni. "Mwanangu, lile neno alilosema huyu mtoto. Maana yake nini?"

Mimi huwa sidanganyi. Wanafunzi wangu wanalijua hilo, wengine wanalichukia. Lakini akilini niliiona suti iliyoko kwa fundi, nikaisikia ile sauti ya bafuni.

"Aliyefika, Baba. Mtu aliyefika."

Akanitazama kidogo.

"Aliyefika."

"Ndiyo, Baba."

"Haya."

Kipande kile cha mahojiano kilisambaa mtandaoni kabla hatujafika nyumbani. Wanaojua Kiingereza walicheka siku mbili, wakachoka. Wasiojua walikuwa wengi zaidi, na wao hawakucheka. Walilipenda neno. Walisikia kijana akimheshimu mkubwa wake mbele ya watu.

Likawa "hasbini".

Kinyozi akamaliza kichwa, akamwambia mteja ametoka hasbini. Mama jirani akamsifu mwanawe aliyefaulu: hasbini wangu. Fundi alipoleta suti akaukamata mkono wa Baba kwa mikono miwili. "Hasbini wetu! Hii suti ukiivaa, watoto watakimbia jukwaa."

Baba akasema asante.

Nilimweleza Filimbi ukweli chumbani kwangu, mlango umefungwa. Akakaa chini, sakafuni.

"Nimemtukana Mjomba?"

"Ndiyo."

"Hewani?"

"Ndiyo."

"Basi nitoe tamko, Dada. Niombe radhi leo leo."

"Ukitoa tamko atajua maana yake. Akijua hapandi."

"Kwa hiyo tunafanyaje?"

Nikatafuta jibu. Nilitafuta kweli. "Hatufanyi kitu."

Tamasha lilikuwa alasiri, jua bado kali. Filimbi akamkaribisha mjomba wake, na Baba akatoka, suti imemkaa kama zamani.

Umati ukainuka.

"Has-bi-ni! Has-bi-ni!"

Watu elfu nne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Kuna waliolia. Mimi nilikuwa pembeni ya jukwaa, hatua kumi kutoka kwake.

Baba akashika maikrofoni, akangoja. Hawakunyamaza. Akasema, "Asanteni. Mmesema kweli." Akailaza maikrofoni juu ya kiti, akashuka.

Walidhani ni unyenyekevu. Walishangilia mara mbili zaidi.

Nilimkuta chumba cha nyuma, anafungua kamba za viatu. Akatoa kwenye mfuko wa ndani wa koti kipande cha gazeti kilichokunjwa hadi mikunjo ikaanza kukatika. Gazeti la Kiingereza. Picha yake, tarehe ya miaka kumi na tisa nyuma, na juu yake, kwa herufi kubwa, neno langu la thelathini na nane.

"Nilidhani uliacha kwa ajili ya mama," nikasema.

"Mama yenu ndiye aliyenisomea hili. Wiki tatu kabla hajatutoka." Akavua kiatu kimoja. "Sijui Kiingereza. Lakini neno hili nalijua."

"Sasa pale korido uliniuliza ya nini?"

"Mtoto aliteleza, nilimwona machoni. Nikakuuliza wewe kwa sababu wewe husemi uongo. Ungeniambia, 'Baba, huyu mpumbavu amekuita masalia,' tungecheka mimi na wewe mpaka tukae chini. Na leo ningeimba."

Akavua cha pili.

"Uliponificha, nikajua kumbe na wewe unaliamini."

Sikuliamini. Nimemwambia hivyo mara nyingi tangu siku ile. Ananisikiliza, anasema haya.

Baadaye niliweka maelezo mtandaoni, aya tatu, bila hasira. Maoni ya kwanza: "Mwalimu, wivu utakuua." Ya pili: "Kiingereza chenu kaeni nacho, hasbini ni letu." Na huyo wa pili, kitaalamu, yuko sahihi. Maana ya neno ni ile ambayo watu wengi wamekubaliana nayo.

Ijumaa darasa langu la watu wazima lilimaliza kozi. Wakanipa kadi, wamesaini wote. Ndani wameandika: *Kwa mwalimu wetu, hasbini wetu.*

Nikawaambia asante.

Funzo nililolipata ni dogo. Ukurasa usioumaliza kuusoma, usiutie tiki. Na mtu mzima akikuuliza maana ya neno linalomhusu, mpe maana yake, kwa sababu huenda neno analijua tayari na anachotaka kujua ni habari zako wewe.

Bafuni kwetu siku hizi nasikia maji tu.